Shule Inayoanzia Jikoni kwa Bibi

Neno yatima, kama Waswahili walivyolizoea kutokana na sheria ya Kiislamu, humtaja mtoto aliyefiwa na baba kabla hajabaleghe, kwa sababu baba ndiye aliyepewa jukumu la kumlisha, kumvisha na kumhifadhia mali. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa upande wao, humhesabu kuwa yatima kila mtoto mwenye umri chini ya miaka 18 aliyefiwa na baba, au mama, au wote wawili. Kwa kipimo hicho cha pili, UNICEF, yaani shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia watoto, lilikadiria kwamba mwaka 2015 dunia ilikuwa na yatima karibu milioni 140, lakini kati yao waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa kiasi cha milioni 15 tu. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili linapaswa kumshughulisha yeyote anayekusudia kujenga shule ya yatima, kwa kuwa linaonyesha kwamba mtoto anayeitwa yatima mara nyingi ana mtu anayelala naye chini ya paa moja: mama mjane, shangazi, kaka aliyeacha shule ili alime, au bibi. Swali la kwanza la mwanzilishi, basi, linamhusu mtu huyo na kile alichopungukiwa, na swali la madarasa huja baadaye.

Mahali ambapo jambo hilo limejidhihirisha kwa uwazi ni kusini-magharibi mwa Uganda, katika nchi ya milima ya Kigezi, ndani ya wilaya ya Kanungu iliyomegwa kutoka Rukungiri mwaka 2001. Ni nchi yenye mvua na rutuba, inayootesha migomba, kahawa na chai, na sehemu yake imepakana na msitu wa Bwindi wanamoishi sokwe wa milimani. Hata hivyo mashamba yamegawanywa kutoka mrithi hadi mrithi mpaka yamebaki vipande vidogo vilivyotawanyika miteremkoni, ambavyo mwenye nguvu huvilima kwa shida, sembuse mzee. Jina la Kanungu lilisikika duniani Machi 2000 kwa moto uliowaua mamia ya wafuasi wa kikundi kimoja cha kidini ndani ya jengo lao la ibada. Msiba mwingine ulikuwa umekwisha kuingia vijijini miaka mingi kabla ya hapo, na kwa kuwa uliwachukua watu mmojammoja, nyumba hadi nyumba, haukuwa na siku ya kutangazwa.

Msiba huo ni UKIMWI. Nchini Uganda ugonjwa huu ulitambuliwa kwanza mwaka 1982 katika wilaya ya Rakai, kando ya Ziwa Victoria, ambako watu waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, nao ukafikia kilele chake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Dawa za kufubaza virusi, zinazojulikana kwa kifupi kama ARV, ambazo haziui virusi bali huvizuia kuzaliana mwilini ili mgonjwa aweze kuishi na kufanya kazi, zilianza kutolewa bila malipo katika vituo vya serikali mwaka 2004. Kati ya miaka hiyo miwili zaidi ya miongo miwili ilipita, na waliokufa humo kwa wingi walikuwa watu wa umri wa kuzaa na kulima, yaani kizazi cha kati, kile kinachowalisha walio juu yake na walio chini yake kwa pamoja.

Jamii za Kigezi, kama jamii nyingine za eneo la Maziwa Makuu, zilikuwa na utaratibu wao wa kumpokea mtoto aliyefiwa: mtoto wa ndugu ni mtoto, na ukoo ndio uliojadili baada ya matanga nani atamchukua nani. Utaratibu huo ulitengenezwa kwa ajili ya kifo kimoja kimoja, na ulifanya kazi vizuri kwa kifo kimoja kimoja. Baba mdogo aliyekuwa amewapokea watoto watatu wa kaka yake akafa naye, mke wake akafuata, na watoto wa nyumba mbili wakahamia nyumba ya tatu, hadi mwisho wa mnyororo alipobaki mtu asiyekuwa kwenye hesabu ya mwanzo, yaani mama wa marehemu wote hao. Bibi aliyetarajia kuletewa chumvi na sukari na wanawe akajikuta ana midomo sita au minane ya kulisha, jembe moja, na makaburi ya wanawe kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Twesigye Jackson Kaguri alizaliwa katika kijiji cha Nyakagyezi, huko Kanungu, akasoma Chuo Kikuu cha Makerere, kisha akaenda Marekani. Kaka yake alifariki kwa UKIMWI mwaka 1996 na kuacha watoto watatu. Mwaka uliofuata dada yake naye akafariki na kuacha mtoto. Mwaka 2001, alipofika kijijini kwa mapumziko pamoja na mke wake, watu walipanga foleni mbele ya nyumba ya wazazi wake kuomba msaada wa karo, na wengi katika foleni hiyo walikuwa wazee waliofuatana na wajukuu. Wawili hao walikuwa wameweka akiba ya dola 5,000 kwa ajili ya malipo ya awali ya nyumba huko Marekani, na akiba hiyo ndiyo iliyoanzisha ujenzi wa shule ya msingi ya Nyaka, iliyofunguliwa Januari 2003 ikiwa na wanafunzi 56. Kaguri amesimulia zaidi ya mara moja kwamba walipokuwa watoto baba yao alinunua penseli moja tu, nayo ikakatwa vipande vitano ili kila mmoja wa watoto apate cha kuandikia. Kipande cha penseli cha namna hiyo hakizidi urefu wa kiungo kimoja cha kidole, na mtoto hukishika kwa ncha za vidole vitatu, akiandika polepole kwa sababu kikimponyoka hakionekani tena kwenye vumbi la sakafu.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini shule ya aina hiyo ilihitajika, ilhali Uganda ilikuwa imefuta ada ya shule za msingi tangu Januari 1997 chini ya mpango uliojulikana kama UPE, wa elimu ya msingi kwa wote. Mpango huo ulipandisha idadi ya wanafunzi kutoka takriban milioni 3.1 mwaka 1996 hadi milioni 5.3 mwaka uliofuata, mafanikio ambayo hayapaswi kubezwa, ingawa yaliwasonganisha watoto darasani kiasi kwamba mwalimu wa darasa la kwanza aliweza kuwa na wanafunzi zaidi ya 100 mbele yake. Lakini kufuta ada si kufuta gharama. Sare, daftari, kalamu, mchango wa mtihani na chakula cha mchana vilibaki mikononi mwa familia, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ikaja kulitamka waziwazi jambo la chakula kwa kumkabidhi mzazi au mlezi jukumu la kumlisha mwanafunzi. Mwandishi wa sheria alipoandika neno mlezi huenda alimfikiria mjomba mwenye duka. Kwa Nyakagyezi mlezi huyo ni mwanamke wa miaka 70 ambaye kupata daftari moja kunamtaka auze mayai ambayo wajukuu wangeyala.

Kwa sababu hiyo shule ya Nyaka iliamua tangu mwanzo kutotoza chochote, na kutoa sare, vitabu, matibabu na chakula. Chakula ndicho kilichokuwa na uzito kuliko vyote. Mtoto aliyetoka nyumbani gizani bila kula, akapanda na kushuka vilima kwa miguu mitupu, hufika darasani akiwa amekwisha kutumia nguvu alizokusudia kusomea, na kufikia saa nne asubuhi hasinzii kwa uvivu. Uji wa asubuhi, na baadaye posho, jina ambalo Waganda hutumia kwa ugali wa mahindi, pamoja na maharagwe, huwa kwa baadhi ya watoto hao ndicho chakula cha uhakika kwa siku nzima. Ndiyo maana mwalimu mzoefu wa shule za namna hii huiogopa likizo, kwani muhula unapoanza hupokea watoto waliopungua uzito. Jikoni panapodharauliwa katika michoro ya ujenzi, pakasukumwa pembeni kana kwamba ni nyongeza, ni dalili kwamba mchoraji hakuwahi kufundisha mtoto mwenye njaa. Wafadhili, kwa bahati mbaya, hupenda kupigwa picha mbele ya darasa jipya, na ni wachache wanaosimama kupigwa picha mbele ya sufuria au choo.

Jambo la pili lililofundisha lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Funza ni mdudu wa jamii ya kiroboto anayeishi katika vumbi na udongo mkavu. Jike lake hujipenyeza chini ya ngozi, hasa pembeni mwa kucha za miguu na kwenye visigino, na humo huvimba kwa mayai hadi kufikia ukubwa wa mbegu ya ufuta, kisha wa njegere ndogo, akiacha kidoa cheusi katikati ya uvimbe mweupe. Dawa ya kijijini ni pini: mguu huoshwa, mwenye macho makali huuweka mapajani mwake, huzungusha ncha ya pini kuuzunguka uvimbe bila kuupasua, na mfuko wa mayai ukitoka mzima mtoto hushusha pumzi, ukipasukia ndani, kidonda hufuata. Bibi ambaye macho yamefifia hawezi kazi hiyo, na pini moja ikipita katika miguu ya watoto wote wa nyumba hubeba damu ya huyu kwenda kwa yule. Mtoto mwenye funza wengi hutembea kwa visigino au kwa kingo za nyayo, hubaki nyuma ya wenzake njiani, huchekwa, na mwishowe huacha kwenda shule. Shule inaweza kumtibu Jumatatu, lakini akilala Jumatatu hiyo hiyo kwenye sakafu ya udongo wenye vumbi, Ijumaa atarudi na wengine wapya. Utoro wa mtoto, kwa maneno mengine, una chanzo chake katika sakafu ya nyumba anayolala, na sakafu ya saruji kwa bibi ni sehemu ya elimu kwa kiwango kilekile cha ubao na chaki.

Maji nayo yalileta mantiki hiyohiyo. Watoto wa milimani huteremka bondeni kuchota na hupanda na dumu kichwani, na kazi hiyo huangukia wasichana na huangukia saa za masomo. Nyaka ilijenga mradi wa maji ya mserereko, yaani maji yanayotoka kwenye chemchemi iliyo juu na kushuka kwa mabomba kwa nguvu ya mteremko peke yake, bila pampu wala mafuta, na mabomba hayo hayakuishia kwenye uzio wa shule bali yalipelekwa kwa wanakijiji pia. Busara ya uamuzi huo huonekana kwa kufikiria kinyume chake: bomba linalotiririka ndani ya uzio wa yatima huku majirani wakiteremka bondeni lingeifanya shule kuwa kisiwa, na kisiwa hakikosi kuonewa wivu.

Lakini sehemu ya historia ya Nyaka inayostahili kusomwa kwa makini zaidi ni ya akina bibi wenyewe, ambao kwa Kikiga, lugha ya eneo hilo, kila mmoja wao ni mukaaka. Hao ndio waliowaleta watoto wa kwanza shuleni, na hao ndio ambao walimu waliwakuta wakilala chini ya mapaa yanayovuja walipokwenda kuuliza kwa nini mtoto fulani hakuonekana wiki nzima. Shirika linaloendesha shule hiyo likaanza kuwasaidia kwa nyumba, majiko yasiyojaza moshi ndani, vyoo, mbegu na mikopo midogo, likiungwa mkono miongoni mwa wengine na mfuko wa Stephen Lewis wa Kanada, ambao Machi 2006 ulikuwa umeanzisha kampeni ya kuwaunganisha akina bibi wa Kanada na wenzao wa Afrika. Kilichotofautisha mpango huo na misaada mingine ni namna ya kuamua. Akina bibi hukaa katika vikundi vya vijiji vyao, huchagua viongozi wao wenyewe, na ni kikundi, wala si ofisi, kinachosema nani miongoni mwao ajengewe nyumba kwanza na nani asubiri. Afisa aliyetoka mjini na fomu yake huweza kudanganywa na paa la bati lisilo na chakula chini yake. Jirani aliyekaa hapo miaka 50 hadanganyiki. Mpango ulioanza kama pembe ya shule leo unawafikia maelfu ya akina bibi katika wilaya kadhaa, kiasi kwamba mtu akiwauliza wanakijiji Nyaka ni nini, huenda asijibiwe kwanza kwamba ni shule.

Hapa pana hoja inayogawanya watu wema. Waanzilishi wengi hudhani kwamba njia fupi ya kumwondoa mtoto kwenye sakafu ya funza ni kumjengea bweni, apate godoro, chandarua, milo mitatu na mlezi wa kuajiriwa, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kufikiri hivyo mara ya kwanza anapoingia nyumba ya bibi wa aina hiyo. Ila bweni lina gharama isiyoandikwa kwenye bajeti. Mtoto anayekulia huko kwa miaka kumi hurudi kijijini akiwa mgeni, hajui mipaka ya shamba la baba yake, na ardhi ambayo hakuna aliyeonekana akiilima huwa imekwisha kuchukuliwa na jamaa. Tena kijana huyo hana mtu wa kumposea wala wa kumsindikiza, mambo ambayo karatasi ya mtihani haiyatoi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani malezi ya mtoto nje ya wazazi wake, inasema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto katika familia, na kwamba umaskini huo uchukuliwe kuwa ishara ya kuisaidia familia yenyewe. Kenya imekwenda mbali zaidi kwa mkakati wake wa kitaifa wa miaka kumi, kuanzia 2022 hadi 2032, unaokusudia kuwarudisha watoto kutoka makao ya kulelea kwenda kwenye familia na jamii.

Wapo hata hivyo watoto ambao kweli hawana mtu, au ambao mtu waliye naye ndiye hatari yenyewe, na kwa hao jibu la kuwaacha nyumbani ni jibu la mezani. Kijiji cha Nyumbani huko Kitui, nchini Kenya, kilichobuniwa na padri Mjesuiti Angelo D'Agostino aliyefariki mwaka 2006, kilijaribu njia ya katikati. Kwenye ardhi kavu ya ekari 1,000 iliyotolewa na halmashauri ya eneo hilo zilijengwa nyumba za familia badala ya mabweni, na katika kila nyumba akawekwa mzee, mara nyingi bibi, pamoja na watoto wapatao kumi, baadhi wajukuu zake wa damu na wengine si wake, huku shule ya msingi, sekondari na karakana za ufundi zikiwa umbali wa kutembea. Lengo lilikuwa watoto 1,000 na wazee 100. Mtindo huu unahitaji ardhi kubwa na fedha nyingi ambazo si kila mwanzilishi anaweza kuzipata, na haukwepi kabisa tatizo la kisiwa, lakini unakiri jambo ambalo bweni hulikana: kwamba mtoto hulelewa na mtu mmoja anayemjua kwa jina la utani, anayejua pia kwamba yeye hali mboga fulani.

Kuhusu taratibu za serikali maneno machache yatatosha, kwani hutofautiana nchi na nchi: kwa jumla mamlaka za elimu hutaka uthibitisho wa ardhi, walimu wenye vyeti, vyoo vya wasichana na wavulana vilivyotengwa, na ukaguzi kabla ya usajili, na anayeanza kufundisha kabla ya usajili huwaweka watoto katika hatari ya kukosa namba ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mzigo mkubwa zaidi ni mshahara. Tofali hulipiwa mara moja, nayo huvutia harambee. Mwalimu hulipwa kila mwezi, miaka yote, na hakuna anayeandaa chakula cha hisani kwa ajili ya mshahara wa Februari. Shule nyingi za yatima zilizobaki magofu vijijini hazikukosa majengo. Zilijengwa kwa fedha za safari moja, ya mtu mmoja, mwenye marafiki wa mwaka mmoja, na walimu walipokaa miezi mitatu bila kulipwa waliondoka mmoja baada ya mwingine, wakianza na wale wazuri.

Suala la jina nalo halijapata suluhisho safi. Shule ikiandikwa ubaoni kuwa ni ya yatima, kila anayevaa sare yake hutangaza msiba wake barabarani, na katika miaka ambayo UKIMWI ulitajwa kwa kunong'onezwa, alitangaza pia sababu ya msiba huo. Ikipokea watoto wote, nafasi hujazwa upesi na wenye wazazi wanaojua kusukuma, na yatima aliyekusudiwa hubaki nje ya lango. Njia inayoonekana kuwa na madhara machache ni kuliacha neno hilo katika daftari la usajili na kulitoa katika jina la shule, sare na nyimbo za kuwapokea wageni, kwa maana hakuna kinachochosha moyo kama kumsikiliza mtoto wa miaka minane akiimba kifo cha mama yake mbele ya watu wenye kamera, kwa mara ya tano katika muhula.

Wanafunzi 56 wa Januari 2003 sasa ni watu wazima, na shule ya pili ya msingi, Kutamba, pamoja na sekondari yenye mafunzo ya ufundi, zilifuata. Akina bibi waliosimama kwenye foleni ya mwaka 2001, kama wangali hai, wamepita umri wa kulima. Vikundi vyao vimeanza kupokea wanawake wa miaka 50 na kitu, ambao walikuwa vijana wakati ugonjwa ulipofika kilele, wakanusurika, na sasa wanawalea watoto walioachwa na vifo vya ajali, vya uzazi na vya magonjwa mengine, au na wazazi waliokwenda Kampala na nchi za Ghuba kutafuta kazi na kunyamaza huko. Watoto wa kundi hili la mwisho hawamo katika tafsiri yoyote kati ya zile mbili za neno yatima, na kila mwanzo wa mwaka wa masomo kuna bibi anayefika shuleni na mmoja wao ameshikwa mkono, na kikundi chake hulazimika kukaa chini kuamua.